Maswali ya Wasomaji: Jiji la Dodoma Likitaka Kuuza Maji ya Kumwagilia

Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu. Katika vikao vyetu huku Mpunguzi linazungumzwa wazo kwamba Halmashauri ya Jiji ianzishe chombo chake cha kusambaza maji ya umwagiliaji kwa mabomba, kila mkulima awe na dira na alipe ankara kila mwezi. Ninalipenda wazo hilo, lakini maji hayo yatatoka wapi, ilhali hata ya kunywa hutufikia kwa mgawo?
*Mkulima, Mpunguzi*

Ndugu mkulima, swali lako ndilo linalopaswa kujibiwa kabla ya mtu yeyote kuchora bomba. Katika kiangazi cha Dodoma, kwa jua na upepo tulionao, shamba lenye mazao yaliyositawi hupoteza maji yanayokaribia kina cha milimita 5 kwa siku. Kina hicho juu ya ekari moja ni lita zipatazo 20,000, yaani uniti 20 kwenye dira, au ndoo 1,000 za lita 20, na hayo ni matumizi ya siku moja tu. Mvua zetu ni za milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo zabibu zinazovunwa Agosti na Septemba hutegemea kabisa maji ya kupelekewa. Umwagiliaji wa matone hupunguza mzigo huo, kwa kuwa hulowesha mashina na kuacha nafasi kati ya mistari ikiwa kavu, lakini hauufuti.

Chanzo ambacho kila mtu hukitaja kwanza ni visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, ambavyo kwa miongo mingi vimelinywesha jiji hili. Kwa maoni yangu, chombo hicho kipya kisiviguse hata kidogo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 inayapa matumizi ya nyumbani kipaumbele cha kwanza, na hilo peke yake lingetosha, lakini ipo sababu nyingine isiyosemwa sana vikaoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya ardhini huko Makutupora, ulionesha kwamba maji hayo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa zisizo za kawaida, mara nyingi zile zinazoambatana na El Niño, kama ilivyokuwa mwaka 1997/98. Kati ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine kina hushuka mwaka hadi mwaka. Kumwagilia kila kiangazi kwa maji ya Mzakwe ni kula kila siku kutoka ghala ambalo hakuna ajuaye litajazwa lini.

Yanabaki majitaka yaliyosafishwa, na hapa ndipo ninapoona wazo lenu lina mashiko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 760,000 katika Jiji la Dodoma, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo majitaka yanavyoongezeka, mvua zinyeshe zisinyeshe. Hakuna chanzo kingine kinachokua pamoja na mji. Tatizo ni kwamba nyumba inayotumia shimo la choo haipeleki kitu kwenye mabwawa ya kusafishia. Kwa hiyo mradi wa umwagiliaji ni lazima uanze kama mradi wa mtandao wa majitaka, jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulitangaza kwa sababu halina picha nzuri ya uzinduzi. Kisha kuna ukubwa wa eneo: mita za ujazo 1,000 kwa siku, yaani uniti 1,000, kwa kipimo nilichotaja, hutosheleza ekari 50 hivi. Kwa matone zitafika mbali zaidi, lakini mabomba hayo hayatafika kila kata kwa pamoja, na Mpunguzi itabidi ilinganishe gharama ya umeme wa kusukumia maji hadi kwenu na ile ya mashamba yaliyo jirani na mabwawa.

Mhariri, shikamoo. Mimi ninalima mchicha, chainizi na figili na kuuza sokoni. Wateja wakisikia kwamba nimemwagilia maji ya mabwawa ya majitaka ya Swaswa watanikimbia. Je, maji hayo ni salama?
*Mama mkulima, Nzuguni*

Marahaba, mama. Inategemea yamekaa bwawani muda gani na yamepimwa lini. Mabwawa ya kutuliza majitaka, ya aina iliyopo Swaswa, husafisha kwa muda na kwa jua: tope huzama, mayai ya minyoo huzama pamoja nalo, na vijidudu hupungua maji yanapopita kutoka bwawa moja hadi jingine. Yakipitishwa haraka kuliko uwezo wa mabwawa, usafi huo hautimii hata kama kwa macho yanaonekana meupe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha yai moja la minyoo kwa lita na, kwa mazao yanayoliwa mabichi, bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100. Figili na kachumbari zimo katika kundi hilo. Mchicha unaopikwa una nafuu. Kwa miti ya matunda, mwongozo huo ulitaka umwagiliaji usimamishwe wiki mbili kabla ya kuchuma. Ningekuwa na kura, maji hayo yangeanza na zabibu, malisho na miti ya kando ya barabara, na mboga zingesubiri hadi majibu ya maabara yabandikwe hadharani kila mwezi, mahali ambapo mteja wako anaweza kuyasoma. Na yakikufikia, yapite kwenye matone yaliyolala chini, yasirushwe juu ya majani.

Kwa nini Jiji lianzishe chombo kipya wakati mamlaka ya maji ipo na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ina makao yake hapahapa Dodoma?
*Mtumishi mstaafu, Kikuyu*

Hoja yako ina uzito. DUWASA ndiyo inayosimamia maji safi na majitaka ya jiji, kwa hiyo Jiji haliwezi kuuza majitaka yaliyosafishwa bila makubaliano nayo. Tume iliundwa chini ya Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, na skimu yoyote ya maana inapaswa kupita mikononi mwake. Kibali cha kutumia maji ya mto, bwawa au kisima hutolewa na bodi ya maji ya bonde, kwetu Wami/Ruvu, chini ya sheria ya mwaka 2009. Kinachobaki kwa Jiji ni ardhi, njia za mabomba, sheria ndogo na uamuzi wa wapi kilimo kiruhusiwe kuendelea huku viwanja vikipimwa kila upande. Hilo la mwisho si dogo. Bomba likichimbiwa mashamba ambayo baada ya muda mfupi yatageuzwa viwanja, fedha imezikwa. Mimi ningeridhika na kitengo kidogo ndani ya Halmashauri, chenye mkataba na DUWASA, kuliko mamlaka nyingine yenye bodi na magari.

Je, bwawa la Hombolo haliwezi kutumika?
*Msomaji, Hombolo*

Linatumika, na wakulima wa hapo wanastahili kusaidiwa. Lakini lilijengwa mwaka 1957, limejaa tope, na maji yake yana chumvi. Utando mweupe unaoonekana juu ya udongo baada ya maji kukauka ni dalili yake. Si chanzo cha kulisha mtandao wa jiji zima.

Bei ipangweje ili mkulima mdogo asiumie?
*Katibu wa kikundi cha wakulima, Matumbulu*

Ndugu Katibu, msipokee utaratibu wa malipo sawa kwa ekari. Katika jimbo la Utah, Marekani, ambako miji mingi kwa miaka mingi imesambaza maji ghafi ya kumwagilia katika mabomba yaliyotengwa na yale ya maji ya kunywa, wateja wengi walilipa kiasi kimoja bila dira, na hapakuwa na sababu ya mtu kufunga koki. Mwaka 2022 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya kufunga dira kwenye maunganisho hayo ifikapo mwaka 2030, na kuzifunga kwenye mtandao uliokwisha kufukiwa ni ghali mno. Sisi tungeanza nazo siku ya kwanza.

Dira hizo ziwe za kuhimili maji yenye mwani, na kabla ya kila moja kuwe na kichujio kinachofunguliwa na kuoshwa, la sivyo matundu ya matone yataziba ndani ya msimu mmoja. Kuhusu bei yenyewe, ombeni uniti za mwanzo ziwe nafuu na zinazofuata zipande, kisha mtake kuoneshwa gharama ya umeme wa pampu kando na gharama nyingine, kwa sababu ndiyo itakayopanda kwanza. Maji yanayosukumwa usiku na kuhifadhiwa kwenye tangi la mwinuko hupotea kidogo yakimwagiliwa alfajiri. Kikundi chenu kikikubali zamu za alfajiri, mna haki ya kudai punguzo, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hamjasaini.