Kikundi cha kutazama nyota mji mdogo: darubini iwe ya mwisho

Mkuu wa Nzega, umesema mko walimu wawili na vijana wachache mnaopenda mambo ya anga, mna laki kadhaa mkononi, na unauliza mnunue darubini gani ili klabu ianze, watu mtawapataje, na mkikutana mnafanya nini. Nimepitia majibu ya wadau, karibu wote wamekutajia darubini. Mimi nakwambia hizo laki zitulize kwanza. Sisi huku Makambako tulianza na darubini, na ikatuchelewesha karibu miaka miwili.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Tarehe 1 Septemba 2016, kama unakumbuka, jua lilipatwa kipete, na sehemu nzuri ya kutazamia hapa nchini ilikuwa Rujewa, Mbarali. Nilidandia Coaster alfajiri. Miwani ya kutazamia jua haikutosha, tukawa tunapokezana na watu ambao sijawahi kuwaona. Kuelekea saa sita mchana mwezi ukawa umeingia katikati ya jua, ukabaki mviringo mwembamba wa moto, kama dakika tatu hivi. Vigelegele, simu juu, kelele. Ila mimi kilichonimaliza hakikuwa juu. Nilikuwa nimejibanza kwenye kivuli cha mti, nikaangalia chini: kila tone la mwanga lililopenya kwenye majani lilikuwa pete. Palikuwa na mama amekaa na mtoto mapajani, khanga yake imejaa pete ndogo ndogo, mamia, zinacheza kila upepo ukitikisa tawi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaangalia khanga, akaangalia juu, akamfunika mtoto haraka kana kwamba zitamwunguza.

Kwenye basi la kurudi tukawa tunabishana kwa nini imekuwa pete na si giza kabisa. Fundi redio mmoja akatoa kalamu akachora nyuma ya tiketi: njia ya mwezi kuzunguka dunia si duara kamili, kuna siku uko karibu na kuna siku uko mbali, siku ile ulikuwa mbali kidogo, kwa hiyo ukaonekana mdogo kuliko jua na haukuweza kulifunika lote. Tulioinamia ile tiketi tulikuwa wanne. Hao wanne ndio kikundi. Katiba hatuna mpaka leo.

Sasa kosa letu. Tulichanga, tukamwagiza mtu Dar, akatuletea boksi lina picha ya Zohali (Saturn, ile sayari yenye pete) ya rangi za kung'aa na maandishi makubwa: INAKUZA MARA 525. Tukafurahi kweli. Hakuna aliyejua kwamba uwezo wa darubini unatoka kwenye upana wa lenzi au kioo chake, na hiyo namba ya boksi ni ya kuuzia tu. Kanuni ni nyepesi: chukua upana kwa milimita, zidisha mara mbili, hapo ndipo mwisho wa ukuzaji wenye maana. Ya kwetu ilikuwa milimita 60, kwa hiyo mwisho wake ni mara 120, na hiyo ni siku hewa imetulia. Ukilazimisha zaidi unapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Tena miguu yake mitatu ni ya bati jepesi, na wewe unaijua Makambako kwa upepo. Ukiigusa tu kurekebisha, Mshtarii inarukaruka kama panzi, na ukisubiri itulie dunia imeshazunguka na sayari imetoka kwenye tundu.

Usiku wa kwanza wa kuita watu tulichagua mwezi mpevu, tukijua ndiyo siku mwezi unapendeza. Wakaja watoto kama sitini na wazazi wao kwenye uwanja wa shule. Usirudie hilo. Mwezi mpevu unapigwa na jua kutoka mbele moja kwa moja, hauna vivuli, unaonekana kama sahani ya bati, na mwanga wake unafuta nyota zote. Siku ya kuita watu ni mwezi ukiwa nusu, siku ya saba au ya nane hivi. Pale kwenye mpaka wa mwanga na giza ndipo mashimo na milima vinasimama na vivuli virefu, hata mtoto wa darasa la kwanza anashtuka. Sisi usiku ule kila aliyechungulia alisema "naona nyeupe", akampisha mwenzake. Saa tatu uwanja ulikuwa mtupu.

Mara ya pili tukaenda wenyewe tu, porini kidogo, bila taa. Vijana wa ulinzi shirikishi wakatuzunguka na tochi. Watu watano, usiku wa manane, wamevaa makoti marefu, wamesimamisha mtutu unaelekea angani. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Tulichukua nusu saa kueleza. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoka usiku tunamwambia mwenyekiti wa mtaa na balozi, na mmoja wa wale vijana sasa ndiye mwanachama anayeyajua makundi ya nyota ya Nge na Msalaba wa Kusini kuliko mimi.

Kilichotuokoa ni darubini ya macho mawili, ile ya mkononi, iliyoandikwa 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Fundi redio aliipata kwenye mitumba ikiwa na ukanda umekatika. Ukilala chali kwenye mkeka, viwiko chini, haitikisiki. Kwa darubini hiyo tu tuliona miezi minne ya Mshtarii imejipanga mstari, tukaona kile kikundi cha nyota cha Kilimia kimekuwa makumi ya nyota badala ya zile sita, na lile doa la ukungu linaloitwa Omega Centauri, ambalo wazungu wengi wa kaskazini hawalioni maishani kwa sababu kwao halichomozi. Hapo ndipo nilipoelewa bahati ya kukaa nyuzi tisa kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni hadi Agosti kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way) kinapita karibu na utosi, anga kavu, na umeme ukikatika mji mzima sisi tunashangilia kimoyomoyo. Baridi tu ndiyo adhabu. Nzega kwenu mtapata anga hilohilo bila kuvaa makoti mawili.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: nunueni darubini moja ya macho mawili, mikeka, na mpakue Stellarium, programu ya ramani ya nyota, kwenye simu, ni bure. Simu ifunikwe na plastiki nyekundu, la sivyo macho yanapoteza giza na unahitaji kama nusu saa kuyarudisha.

La pili, watu mtawapataje. Hawaji kwa tangazo, wanakuja kwa tukio. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote kwa dakika 103, kuanzia saa nne na nusu usiku, na Mirihi ilikuwa pembeni yake imewaka nyekundu kama kaa la moto. Tulitandika mikeka nje ya duka la mwanachama, bila kumwita mtu. Wapita njia walisimama wenyewe. Kufika saa sita walikuwa wamejaa, muuza mahindi ya kuchoma kahamishia jiko kwetu. Kutoka usiku ule ndipo tulipata watu wa kuchanga kweli, na mwaka uliofuata tukaagiza ile darubini ya kioo inayokaa kwenye boksi la mbao, Dobsonian wanaiita, upana milimita 200. Bei yake ni kama bodaboda iliyotumika. Haina miguu ya kutetemeka, unaisukuma kwa mkono. Urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana, ni milimita 1200. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 25 unagawanya, unapata mara 48, ukiweka ya 10 unapata mara 120. Asilimia kubwa ya usiku tunatumia ile ya 48.

Bibi mmoja alipoiona Zohali na pete yake humo hakusema neno. Alitoa jicho, akaenda mbele ya mtutu, akaufunika mdomo wa mtutu wote kwa khanga yake, kisha akamwambia mjukuu achungulie. "Ipo?" "Haipo bibi." Akatoa khanga. "Sasa?" "Imerudi." Basi, akaridhika, akaketi. Mimi nimesoma sayansi mpaka kidato cha sita na sijawahi kufanya jaribio safi namna ile.

Onyo hapa. Mwanachama mmoja mwenye nia njema aliona vumbi kwenye kioo kikubwa, akalisugua kwa kitambaa na sabuni ya unga. Mikwaruzo ipo mpaka leo. Vumbi kidogo halizuii kitu, liache. Na la pili, ambalo silitanii: zile darubini za bei rahisi huja na kichujio kidogo cheusi cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kitupe. Kinapata joto lote lililokusanywa, kinapasuka wakati jicho lako liko pale. Kichujio halali cha jua kinakaa mbele, kwenye mdomo wa mtutu. Negativu za eksirei na CD za zamani ambazo watu hutazamia jua nazo si salama.

Swali la tatu, mnafanya nini mkikutana. Mkuu, zaidi ya nusu ya muda ni ubishi. Mawingu ya Novemba hadi Aprili hayakuachii cha kutazama, kwa hiyo mnakaa nyuma ya duka na chai ya tangawizi na kubishana, na kama watu wako si wabishi sijui mtavukaje masika.

Ubishi uliodumu kwetu ni wa majina. Binti wa kidato cha pili alikuja amekariri kutoka kitabu cha shule kwamba Saturn ni Sarateni, Uranus ni Zohali na Neptune ni Kausi. Tunaye ustadhi wa madrasa, akaruka. Zohali kwa Kiarabu ndiyo hiyohiyo yenye pete, tangu mabaharia wa zamani. Uranus haikujulikana mpaka 1781, ingepataje jina la zamani? Na Sarateni ni buruji, yaani kundi la nyota, ya Kaa, Kausi ni buruji ya Mshale, si sayari kabisa. Binti naye hakukubali kirahisi: "Kwenye mtihani nikiandika Zohali ina pete nakosa." Wote wawili wana haki yao. Tuliamua kwamba kwenye mkeka ni lugha ya ustadhi, kwenye mtihani ajibu anavyofundishwa.

Ubishi wa pili ni Kilimia. Mzee mmoja mkulima alikuwa anatucheka na simu zetu, akatupa ule msemo wa wahenga: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Vijana wakasema ushirikina. Tukaamua kupima, mwaka mzima, daftari la mistari. Mwezi wa Mei Kilimia inapotelea kwenye mwanga wa magharibi, Juni inaonekana tena alfajiri mashariki, na katikati ya Novemba inachomoza jua linapozama na kukaa usiku kucha. Novemba huku kwetu ndipo watu wanasubiri mvua ya kwanza. Daftari likampa mzee ushindi kuhusu kalenda. Ila alipodai nyota ndizo zinazoleta mvua tukamkatalia, naye akatukatalia, na shauri hilo bado liko wazi.

Mengine nakutajia tu. Kila Agosti mtu ataleta ujumbe wa WhatsApp kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Ni uvumi uliotokana na Agosti 2003, Mirihi iliposogea hadi kilomita milioni 56, na hata siku hiyo ilikuwa nukta tu. Mtapigiwa simu kwamba kuna treni ya taa angani. Ni satelaiti za Starlink. Na ikikaribia Ramadhani mtaulizwa kuhusu mwandamo. Hapo muwe na adabu. Sisi tunasema mwezi umezaliwa saa ngapi na utakuwa wapi jua likizama, na kwamba ukiwa na umri wa chini ya saa 15 hivi macho matupu hayauoni. Kutangaza ni kazi ya wenye kutangaza.

Safari tumefanya moja tu kubwa, kwenda kuona Kimondo cha Mbozi. Kipande cha chuma kirefu kama mita tatu, uzito wanataja kati ya tani 12 na 16, kimelala kwenye shimo walilochimba watu kukizunguka. Fundi redio alikuja na sumaku ya spika mfukoni, ilinata pah! Kilichotuvuruga ni kwamba hakuna kovu la ardhi kulingana na kishindo tulichokifikiria, wala simulizi la wenyeji wa kale waliokiona kikianguka. Kutoka Mbozi mpaka Makambako, Coaster nzima ilibishana ni miaka mingapi kimelala pale. Dereva naye alikuwa na hoja.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa tena, saa mbili na nusu usiku hadi saa nne kasoro dakika nane, ustadhi alisali sala ya kupatwa na watu wake, kisha wakaja msikiti mzima kwenye mikeka wakati wekundu haujaisha. Tulikosa vikombe.

Ile darubini ya mara 525 bado ipo juu ya kabati langu. Ukiweka lenzi yake ya milimita 20 inakupa mara 35, na pete ya Zohali inaonekana vizuri tu. Ukimpata mtu anayepanda basi la huku mtume aje aichukue, bure. Miguu yake msijisumbue nayo, tulishaigeuza ya kuanikia vyombo.