Maswali na majibu: Akaunti ndogo inapogeuka mwenye mashine

Akaunti za wanafunzi kwenye seva ya maabara yetu haziruhusiwi kusakinisha chochote. Mbona fundi anang'ang'ania tusasishe Linux, mfumo unaoiendesha seva hiyo, kila mara?

Kwa sababu ruhusa hizo zinalindwa na programu, na programu huwa na kasoro. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro ya PwnKit ndani ya pkexec, programu inayofanya kazi kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, hata ikiitwa na mtumiaji mdogo. Ilipoitwa kwa orodha tupu ya maelekezo, ilisoma kupita mwisho wa orodha hiyo, na hapo mdukuzi akapata pa kupenyezea msimbo wake. Nywila ya root haikuulizwa. Upenyo huo ulikuwepo tangu Mei 2009! Kwa hiyo akaunti ya mwanafunzi mmoja ikiibwa kwenye seva isiyosasishwa, hesabu seva nzima imeibwa.

Kasoro kama hizi hugunduliwaje?

Nyingine kwa mtu kukataa kupuuza kitu kidogo. Max Kellermann, mtunzi wa programu, alipokea malalamiko Aprili 2021: faili za kumbukumbu zilizobanwa zimeharibika. Alipozichungulia, akakuta baiti 8 za mwisho zimefutwa na nyingine zimekaa mahali pake, zikianza na herufi PK, alama ya faili za ZIP. Miezi ikapita, faili zikiendelea kuharibika, naye akazidi kuchimba hadi kwenye kiini (kernel) cha Linux chenyewe, sehemu inayosimamia mashine nzima: aliyeruhusiwa kusoma faili tu aliweza kubadili yaliyomo. Ndiyo Dirty Pipe, iliyotangazwa Machi 2022 viraka, yaani marekebisho ya kasoro, vikiwa tayari. Iligusa hata baadhi ya simu za Android. Namheshimu sana kwa subira ile.

Natumia Mac. Yananihusu?

Yanakuhusu. Novemba 2017, kwenye macOS High Sierra, uliandika root, ukaacha nafasi ya nywila tupu, ukabonyeza kitufe cha kufungua mara kadhaa, ukaingia. Apple walitoa kiraka siku iliyofuata.

Nianzie wapi leo?

Kwenye Windows, fungua akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, ile ya msimamizi ibaki pembeni. Sasisho likija, liweke, kisha uwashe mashine upya. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye seva ya Linux, baada ya kusasisha, andika `uname -r`: ikionyesha toleo la zamani la kiini, kiraka kimeshuka lakini bado hakijaanza kazi.