Kwangu mimi mshindi ni Midori Ito

Wiki hii mmeuliza: ni mwanamichezo gani aliyekosa dhahabu lakini wewe bado unamhesabu mshindi? Mimi namtaja Midori Ito wa Nagoya, Japani, mchezaji wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu aliyekwishastaafu siku nyingi.

Kwanza niueleze mruko uitwao Axel, maana bila huo hamtanielewa. Katika miruko mingine mchezaji huondoka akienda kinyumenyume. Axel peke yake huanza akitazama mbele, na kwa kuwa lazima atue akirudi nyuma, anadaiwa nusu mzunguko zaidi. Kwa hiyo Axel ya mara tatu ni mizunguko mitatu na nusu hewani. Hadi 1988 hakuna mwanamke aliyewahi kuikamilisha mashindanoni. Ito, mfupi wa sentimita 145 hivi, ndiye aliyefungua njia.

Zama hizo asilimia 30 ya alama zilitolewa kwa kuchora maduara kwa makali ya kiatu, majaji wakiinama kukagua mistari kwenye barafu. Hapo ndipo alipokuwa akiumia. Kwenye Olimpiki ya Calgary, 1988, alikuwa wa 10 katika maduara, kisha akaruka miruko saba ya mara tatu na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Akaishia wa tano! Mwaka uliofuata, mjini Paris, akawa Mwasia wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia.

Lakini ninayemhesabu mshindi ni Ito wa Olimpiki ya Albertville, 1992. Japani nzima ilimtegemea. Katika programu fupi, sehemu ya kwanza ya shindano, aliiacha Axel, akachagua mruko mwingine, Lutz, ulioonekana salama zaidi, na huo huo ukamwangusha. Akashika nafasi ya nne. Katika programu ndefu akaijaribu Axel mapema, akaanguka tena. Wengi wangeyamaliza yaliyobaki kwa tahadhari ili wasipoteze zaidi. Yeye, programu ikielekea ukingoni na miguu imeshachoka, akageuka, akatazama mbele na kuuruka mruko ule ule. Akatua wima. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo kwenye Olimpiki. Utazameni uso wake baada ya kutua: furaha tupu.

Dhahabu ilikwenda kwa Kristi Yamaguchi wa Marekani, kwa haki kabisa. Kinachoniuma ni kwamba Ito aliwaomba radhi Wajapani kwa kupata medali ya fedha. Radhi ya nini? Hakuna Mjapani aliyewahi kupata medali yoyote ya Olimpiki katika mchezo huo kabla yake.

Kocha wake, Machiko Yamada, aliyemlea nyumbani kwake, baadaye alimfundisha mtoto mwingine wa Nagoya, Mao Asada. Huyo, kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, alizikamilisha Axel tatu za mara tatu katika shindano moja. Naye aliondoka na fedha, nyuma ya Kim Yuna wa Korea Kusini, na kama mngeruhusu majina mawili ningemwandika hapo hapo.