Muulize Mama Muuguzi: Kabla hamjatuma makopo ya maziwa

Wiki hii nimeweka kando barua nyingine zote. Hizi tatu zinahusu watoto walio vitani, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa, kambi baada ya kambi, utepe wa kupimia mikono ya watoto ukining'inia shingoni.

*Shikamoo Mama Muuguzi. Kikundi chetu cha akina mama kimechanga fedha na kununua makopo 60 ya maziwa ya watoto wachanga, pamoja na chupa, kwa ajili ya familia zilizokimbia vita. Tumesikia mama zao wamekauka maziwa kwa hofu na njaa. Tuyapitishe wapi yafike salama?*
Mweka hazina wa kikundi

Marahaba, mwanangu. Naomba msiyatume. Najua mmejinyima kuyapata, na kukuambia hivi kunaniuma.

Kopo la maziwa haliendi peke yake. Linataka maji safi, kuni za kuyachemshia, chombo kilichooshwa kwa sabuni, na kopo jingine likiisha hilo. Mashirika ya misaada yamejiwekea kiwango cha angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia, kuoga na kufulia, na nimekaa kwenye kambi ambazo hata nusu ya hizo ilikuwa ndoto. Mama akiona kopo linakaribia kuisha anazidisha maji. Mtoto anashiba tumbo, mwili unabaki na njaa. Chupa ndiyo mbaya zaidi, maana ile chuchu ya mpira haisafishiki kwa maji ya kuokoteza. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, watafiti walikuta kwamba watoto waliopewa maziwa ya msaada waliharisha zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Kule hakukuwa na vita, na bado ikawa hivyo.

Halafu hili la kukauka. Hofu huchelewesha maziwa kushuka, lakini haiyakaushi. Na mama mwenye njaa kwa kawaida bado hutoa maziwa ya kumtosha mwanawe, ila yeye mwenyewe ndiye anayekwisha. Ndiyo maana chakula apewe yeye.

Nilimpokea msichana mmoja, miaka kumi na minane hivi, ametembea siku nne na mtoto wa wiki sita mgongoni. Alilibinya titi mbele yangu kunionyesha hakuna kitu. Tukampa maji ya kunywa na chakula, tukamkalisha nyuma ya pazia asikopita mwanamume. Tukachukua mpira mwembamba, ncha moja tukaibandika kwa plasta kando ya chuchu yake, ya pili tukaitumbukiza kwenye kikombe chenye maziwa kidogo. Mtoto akivuta titi, ya kikombeni yanapanda, na kule kuvuta ndiko kunakouamsha mwili wa mama. Tulifanya hivyo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Siku ya tano alinifuata mwenyewe kunionyesha blauzi iliyolowa.

Wapo wachanga wasio na mama wala mwanamke mwingine wa kuwanyonyesha, na hao maziwa ya kopo wanayahitaji kweli. Ila huyapata kwa mhudumu wa afya, kila mtoto kwa kipimo chake, kwa kikombe, na hufuatiliwa wiki baada ya wiki. Yenu yakigawiwa kwenye foleni yataishia kwa watoto ambao mama zao wananyonyesha. Rudisheni makopo dukani kama muuzaji atakubali, na fedha mzipeleke kwa shirika lenye wauguzi walioko huko huko, mkitaja wazi kwamba ni za kuwalisha wanaonyonyesha.

*Mama, mdogo wangu amekwama kwenye mji unaopiganiwa. Ananiambia kwa simu kwamba wanakula mlo mmoja kwa siku, lakini mwanawe wa miaka miwili amenenepa uso na miguu. Inawezekanaje?*
Dada mkubwa

Mpigie leo, usingoje kesho. Mwambie abonyeze kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili za mtoto, si chini anakokanyagia, ahesabu taratibu mpaka tatu, kisha aachie. Pakibaki shimo, huo si unene, ni uvimbe wa utapiamlo mkali, na mtoto yuko hatarini hata kama mashavu yamejaa. Amfikishe kituo chochote cha afya kinachofanya kazi mara njia itakapopitika.

Watampima mkono kwa utepe wenye rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Lakini mwambie hivi: mtoto aliyevimba anaweza kuonyesha kijani, kwa hiyo asikubali kurudishwa kabla miguu haijabonyezwa. Kama ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine, na uvimbe si mkubwa, huenda akapewa chakula dawa, kile cha kwenye pakiti, na kutibiwa akiwa kwao. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanakubali tiba hiyo ya nyumbani. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, imetengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari, haihitaji maji wala moto. Unakata pembe, mtoto anafyonza. Mdogo wako asiwagawie watoto wengine, hata wakilia. Ni dawa ya huyo mmoja.

*Mama Muuguzi, mimi na mume wangu tuna nafasi na uwezo. Tunataka kumchukua mtoto yatima wa vita tumlee kama wetu. Tuanzie wapi?*
Mke na mume

Mungu awazidishie moyo huo. Lakini vita vikiendelea, tafadhali msimchukue mtoto yeyote. Wengi wanaoitwa yatima wamepotezana tu na watu wao. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, zaidi ya watoto 100,000 walitengana na familia zao, na makumi ya maelfu walirudishwa kwa jamaa. Mtoto akishavushwa mpaka na kupewa jina jipya, nani atamwona tena? Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ule wa kuwalinda raia wakati wa vita, ulishalifikiria jambo hili: unataka walio chini ya miaka 12 wavishwe kibao cha utambulisho au watambulike kwa njia nyingine. Msaada wenu uende kwenye kazi ya kutafuta jamaa, inayofanywa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na wengine, na kwa familia za huko huko zinazowahifadhi watoto hao kwa muda.

Ni kazi ya subira. Nilimuuliza mvulana wa miaka mitatu jina la mama yake, akajibu, "Mama." La baba? "Baba." Mwenzangu akamuuliza wakitoka nje asubuhi wanaona nini, bibi akikasirika anamwitaje mama. Tuliandika kila neno. Shati aliloletwa nalo hatukulitupa japo lilichanika. Tulimpiga picha akiwa amelivaa, na picha ikabandikwa kwenye ubao pamoja na nyingine nyingi.

Miezi minne baadaye mwanamke mmoja alisimama mbele ya ubao ule. Uso wa mtoto hakuutazama kwanza. Aliweka kidole kwenye kifungo cha juu, ambacho rangi yake ilikuwa tofauti na vingine, akasema hicho alikishona yeye, shangazi yake.