Kabla hujaandika "alilia kwa uchungu", msome Hyun Jin-geon

Baba yangu alipofariki niliandika hadithi fupi juu ya siku ile mara tano, na mara zote tano ilinishinda. Machozi yalikuwa mengi mno humo ndani, njia mbili njia mbili, na aliyeisoma hakuguswa. Aliyenifungua macho ni Mkorea aliyezaliwa Daegu mwaka 1900, Hyun Jin-geon, kwa hadithi yake ya 1924 iitwayo "Siku ya Bahati".

Mhusika ni Kim, mvuta riksha wa Seoul enzi ya utawala wa Wajapani. Mkewe anakohoa zaidi ya mwezi sasa, na anatamani seolleongtang, supu ya mifupa ya ng'ombe. Hela hakuna. Asubuhi moja ya mvua mke anamsihi asitoke. Anatoka, na abiria wanamjia mfululizo kama hawajawahi kumjia. Lakini mfuko unavyozidi kujaa, ndivyo anavyozidi kuogopa kurudi nyumbani. Anajichelewesha kilabuni na rafiki, anacheka, analia. Hatimaye ananunua supu. Anapofika nyumbani hasikii kikohozi. Anasikia mtoto tu, akinyonya titi lisilotoa kitu.

Angalia alichokifanya: ametaja supu mapema, akaiacha, akaileta wakati haina wa kuinywa. Huzuni yote imo katika bakuli hilo. Basi, wewe unayeandika, jiulize kwanza mtu wako alikuwa anataka nini. Kiwe kitu cha kushikika, cha bei ndogo hata. Kitaje mara moja, endelea na mambo mengine, kisha kirudishe kimechelewa. Na usimweleze msomaji kwamba inasikitisha.

Hyun aliujua uzito wa kitu kidogo hata kazini. Alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1936 aliongoza dawati la habari za jamii katika gazeti la Dong-A Ilbo. Sohn Kee-chung, Mkorea, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Berlin akiwa amevalishwa bendera ya Japani kifuani. Gazeti likachapa picha yake bendera ikiwa imefutwa. Kwa alama hiyo moja Hyun alifungwa jela, na gazeti likasimamishwa kwa miezi kadhaa. Alipotoka alifuga kuku pembezoni mwa Seoul, akaendelea kuandika riwaya, hadi kifua kikuu kilipomuua mwaka 1943. Namheshimu sana kwa picha ile.

Nami nikarudi kwa baba. Wiki yake ya mwisho aliniomba betri za redio. Nikasema kesho, kesho tena. Nilizinunua, na baada ya mazishi nikazikuta kwenye begi langu, hazijafunguliwa. Nikafuta machozi yote katika hadithi, nikaziacha betri.

Dada yangu aliisoma akiwa amesimama jikoni. Alipomaliza hakusema kitu. Alikwenda kuitoa redio kabatini.