Nipande mathenge kuzungushia shamba la korosho?

SWALI: Shikamoo bwana misitu. Niko upande wa Mtama, Lindi, nina ekari 6 za korosho, sasa kila kiangazi ng'ombe wa wafugaji wanaingia wanavunja matawi. Shemeji yangu dereva wa lori kaniletea mbegu toka Kenya, mti unaitwa mathenge, anasema una miiba balaa, jua haliuui na unarutubisha ardhi. Nimetia mbegu 40 kwenye viriba zimeota 9 tu. Nifanyeje ziote zote?

JIBU: Marahaba. Nianze na hizo 31 zilizogoma maana kesi yote iko hapo. Hazijafa mzee, zimelala tu. Mbegu ya mathenge ina ganda gumu sana, maji hayapenyi mpaka ganda likwaruzwe, na zinaweza kukaa ardhini miaka zikisubiri. Anayelilainisha vizuri kuliko mtu yeyote ni ng'ombe: anakula ganda la tunda kwa sababu lina sukari, mbegu zinapita tumboni nyingi zikiwa nzima, zinatoka kwenye kinyesi chenye unyevu na mbolea tayari, zinaota.

Umeshaona shida ilipo? Unataka uzio wa kufukuza ng'ombe halafu unapanda mti unaowaita. Miaka 2 au 3 tu unaanza kuzaa, maganda ya manjano yanadondoka kiangazi wakati majani yamekauka kote, ng'ombe watakuja mbio, watakula, watakunyea humohumo kwenye korosho na njia nzima mpaka mtoni, na mvua ya Januari ikijaza Lukuledi inabeba mbegu inawapelekea na wa chini.

Shemeji hajadanganya lakini. Asili yake ni Amerika, kule ndugu zake wanaitwa mesquite, ni jamii ya mikunde kwa hiyo kweli unaingiza naitrojeni kwenye udongo, mkaa wake mzuri, nyuki wanapenda maua yake (marefu kama brashi ya chupa, siyo vidude vya mviringo kama migunga mingi ya kwetu). Ukame hauusumbui kwa sababu mzizi unashuka kufuata maji, kuna mgodi Arizona huko Marekani walikuta mizizi ya mesquite zaidi ya mita 50 chini. Na chumvi unavumilia, kwa hiyo hata kule pwani kwenye mashamba ya chumvi usidhani utashindwa.

Ndiyo sifa hizohizo zilizowaponza watu wa Baringo, kule Kenya. Miaka ya 1980 ulipandwa kule kwa mradi kabisa, kuzuia jangwa na kupata kuni, baadaye ukafunga malisho na njia, miiba inatoboa mpaka tairi, majani hayaliwi na mifugo ila maganda tu, na ile sukari inaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wanakijiji walienda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno kama ushahidi, sikutanii. Na ukikata kwa panga ndo umeuchokoza, shina moja linarudi matano, labda uchimbe na sururu ukate chini ya ardhi kama sentimita 30 hivi, sasa fanya hivyo ekari 6 uone mgongo.

Kwa hiyo hiyo miche 9 ng'oa leo na mzizi wake uichome. Udongo wa viriba usimwage jalalani tafadhali, chekecha utoe zile mbegu 31 nazo zichome, zihesabu kabisa.

Uzio weka mnyaa. Kata vipande, viache kivulini siku chache utomvu ukauke, mvua za Desemba zikianza chomeka kwa ukaribu, futi moja moja, na nje yake ongeza mstari wa katani, Lindi katani haijawahi kuwa ngeni. Ng'ombe hali mnyaa, ila utomvu ukikuingia machoni utajuta, vaa miwani na watoto wakae mbali. Kama ulichotaka ni rutuba, mbaazi katikati ya korosho changa zinafanya kazi hiyohiyo ya naitrojeni na unakula.

Halafu muulize shemeji mbegu nyingine kampa nani.