Maswali na Majibu: Filamu za Weusi Hazikuanzia Wakanda

Swali: Filamu ya kwanza kuongozwa na Mtu Mweusi si ndiyo Black Panther, ile ya nchi ya kubuni ya Wakanda?

Hapana. Hiyo ni ya 2018. Mwongozaji Mweusi Oscar Micheaux alitoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1919. Hili nimelijibu mara nyingi. Someni majibu ya nyuma kabla ya kutuma.

Swali: Mbona unaiandama sana The Birth of a Nation, wakati walimu wa filamu wanaisifu?

Wanachosifu ni upigaji picha na uhariri. Mimi nauliza ufundi huo ulifanya kazi gani. Mwaka 1915 mwongozaji wake, D. W. Griffith, aliwapaka waigizaji wazungu masizi usoni, akawaonyesha Weusi waliotoka utumwani kama wabakaji na wabunge walevi, kisha akawaleta Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatesa na kuwaua Weusi, juu ya farasi kama wakombozi. Rais Woodrow Wilson wa Marekani akaonyeshwa filamu hiyo Ikulu. Mwaka huohuo Klan, iliyokuwa imeshakufa, ikafufuliwa Stone Mountain, Georgia. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "ni filamu tu".

Micheaux alijibu mwaka 1920 kwa Within Our Gates. Umati wa wazungu unamnyonga mkulima Mweusi na mkewe. Wakati huohuo, kwingineko, mzungu mmoja anamvamia binti yao wa kulea, anamrarua nguo, mara anaona kovu kifuani na kugutuka: ni mwanawe wa kumzaa. Hapo ndipo Micheaux anaonyesha ni nani hasa alikuwa akimbaka nani. Filamu hiyo ilidhaniwa imepotea kabisa, mpaka nakala moja ikapatikana Hispania miaka ya 1970. Nusura tubaki na maneno ya Griffith peke yake.

Swali: Nimeshatazama 12 Years a Slave. Bado nisome kitabu?

Soma. Solomon Northup, Mweusi huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, alikitoa mwaka 1853, mwaka uleule aliorudishiwa uhuru wake. Filamu ya Steve McQueen ni kazi kubwa: Solomon ananing'inia mtini, ncha za vidole vya miguu zikitafuta matope, na nyuma yake watu wanaendelea na shughuli zao. Lakini mwongozaji hupunguza na kuunganisha. Filamu si ushahidi wote. Nanyi mnaomshangilia Lupita Nyong'o kwa sababu ya Oscar, mtazameni akiwa mtumwa Patsey, anavyojieleza kipande cha sabuni kikiwa mkononi kabla ya kuchapwa.

Swali: Ni kweli mwigizaji Mweusi Hattie McDaniel alipata Oscar?

Ndiyo, mwaka 1940, na usiku huo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wazungu.

Swali: Naomba linki ya bure ya filamu ya Killer of Sheep.

Sitoi. Charles Burnett aliipiga mtaani Watts, Los Angeles, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, na kwa sababu ya haki za muziki haikusambazwa rasmi kwenye kumbi za sinema hadi 2007. Ilipieni. Na vile vipande vya dakika moja mnavyotumiana kwenye simu, vyenye msimuliaji anayeongea juu ya picha, si filamu. Vinawaharibia macho.

Swali: Mwafrika anaingiliaje kusimulia utumwa wa Marekani?

Waliochukuliwa walitoka Afrika, kwa hiyo ana haki yote. Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar, Ethiopia, alitoa Sankofa mwaka 1993. Hadithi inaanzia ngome ya Cape Coast, Ghana, na watumwa wa filamu hiyo wanapanga uasi wenyewe, hawamngoji mzungu mwema. Wasambazaji wa Marekani walipomkatalia, alikodi kumbi mwenyewe, mji kwa mji, na Weusi wakazijaza. Ukipata nafasi ya kutazama filamu moja tu mwezi huu, anza na hiyo.